Mkono Unaochechemea

Ashgabat, Jumapili, 6 Oktoba 1957

Leo imetimia miaka tisa tangu tetemeko, na asubuhi mji wote ulikuwa makaburini. Jioni mji huohuo ulikuwa juu ya mapaa ukitazama mbinguni, maana juzi Ijumaa Sputnik, ile nyota ya kuundwa, ilirushwa. Watu walewale, macho yaleyale mekundu.

Klabu yetu ya redio imepewa kazi ya kuisikiliza kila inapopita. Sarkis Avetovich, mkuu wetu, alinisomea maagizo ya Moscow kwa sauti ya hakimu: pokea, pima masafa, nasa sauti kwenye ukanda, ukanda upewe namba, ukanda utumwe kwa treni. Ni Mwarmenia wa Krasnovodsk, amekuwa mtu wa redio melini miaka mingi, na kofia haimtoki kichwani hata ndani ya nyumba. Kuna jambo la pili. Redio yetu nyingine itasikiliza watu wa redio za ridhaa, wanaorusha kwa kupenda tu, wa nchi za nje, wanavyoulizana habari za Sputnik, na hao pia wanaswe.

Kwa sababu hiyo mimi sitakwenda kuchuma pamba mwaka huu. Wasichana wangu kumi na mmoja wa darasa la alama za Morse wamekwenda wote, wamebebwa na lori huku wakinizomea kwamba mwalimu wao amejificha nyuma ya nyota.

Tumeisikia. Mlio mfupi, kimya, mlio mfupi, kimya. Sarkis Avetovich alivua kofia.

Jumatano, 9 Oktoba

Naogopa. Nimeandika neno hilo kwanza ili nilione.

Mtu asiye wa redio hudhani nukta na mistari ni vilevile kwa kila anayetuma. Sivyo. Kila mtu ana mkono wake, na anayeujua atamtambua hata baada ya miaka. Leo, nikisikiliza masafa ya ridhaa, nimemsikia mtu anayejitambulisha kwa herufi za stesheni za Iran akimweleza Mtaliano jinsi anavyoipata Sputnik. Kila neno, mstari wa mwisho anauburuta, kisha nukta inayofuata inakuja mbio kufidia. Mkono unaochechemea.

Mkono ule ni wa kaka yangu Ovez.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano mashine ya kuchambua pamba ilimkata nusu ya kidole cha kati. Baadaye wakamchukua stesheni ya reli kuwa mtuma simu, akajifunza kutuma kwa vidole vilivyobaki, na ndiyo asili ya kule kuchechemea. Mimi alinifundisha kwa kugonga sinia la bati nikiwa na miaka minane. Nina vidole vyote, lakini nachechemea kama yeye, kwa kuwa sikujua kwamba kuna namna nyingine. Hata chai aliiomba kwa kugonga. Aligonga kifuniko cha birika: moja, kimya, mbili, kimya, moja. Baba hakumruhusu mtu mwingine kufanya utovu huo wa adabu. Mama naye, bila kugeuka, alijibu kila siku maneno yaleyale: "Nimesikia, mimi si kiziwi."

Mwaka 1942 alikwenda vitani. Mwaka 1943 ikaja karatasi kwamba hajulikani alipo. Tunajua husemwa nini juu ya waliotekwa na wasirudi, kwamba ni wasaliti, na husemwa nini juu ya jamaa zao. Kwenye kila fomu mimi huandika: kaka, hakurudi vitani. Jamaa nje ya nchi, hakuna.

Nilizima redio. Kisha nikaiwasha tena, naye alikuwa ameondoka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Naandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nitakayemwambia ni mama, na mama hawezi kumnyamazia jirani. Daftari litakaa ndani ya gunia la unga. Mambo yakiisha nitalichoma.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ardhi imetikisika kidogo usiku, vikombe vikagongana. Mama alikuwa uani kabla sijafungua macho.

Mlango wetu una komeo, lakini halijaguswa tangu tulipojengewa nyumba hii. Usiku wa tetemeko mama nami tulikuwa tumelala uani kwa joto. Baba alilala ndani, na alikuwa amefunga. Fremu ilipinda. Walimkuta nyuma ya mlango, vidole vikiwa kwenye komeo. Tangu hapo mama hafungi mlango, iwe baridi, iwe upepo wa mchanga. Anaurudisha tu, na akiamka usiku huenda kuusukuma kwa kidole ahakikishe unafunguka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Yupo tena. Ameongea na mtu wa Uswidi. Jina amesema ni Ali, mji Mashhad. Mashhad ni ng'ambo ya milima hii ninayoiona dirishani.

Jumanne, 15 Oktoba

Simsikii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sarkis Avetovich amejua. Au anadhani amejua, na anachodhani ni kibaya kuliko ukweli.

Niliingia nikamkuta amekaa mbele ya mashine ya kunasia, anarudisha ukanda na kuusikiliza, anarudisha na kuusikiliza. Ulikuwa ukanda wa Jumatatu. Hakuniamkia. Aliniuliza nilikuwa wapi saa ile, nikamjibu kwamba nilikuwa chumba cha pili nikipima masafa ya Sputnik. Akauliza nani aliniona. Nikasema hakuna, tulikuwa wawili tu na yeye alikuwa juu ya paa kwenye antena.

Alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu.

"Binti yangu, nimekuwa kwenye kazi hii tangu hujazaliwa. Huyu anatuma kama wewe."

"Si mimi."

"Kama una mtambo nyumbani unajifanya mtu wa Iran, niambie sasa hivi tukautupe mferejini. Kesho sitaweza."

Nilimwambia hakuna mtambo nyumbani, aje atazame. Alinitazama muda mrefu. Nilitaka kumwomba aukate ukanda, kipande kidogo tu, lakini kumwomba ni kukiri. Naye nadhani alisoma usoni, maana alisema ukanda umeshapewa namba, na ukanda wenye namba lazima uende.

Umekwenda kwa treni ya jioni. Nimesimama dirishani nikasikia king'ora. Namchukia Sarkis Avetovich na kofia yake.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo ndiyo nimeona jinsi nilivyobanwa. Watakapokuja kuuliza, njia ya kuonyesha kwamba si mimi ni moja tu: nikae mbele yao, mikono mezani, na yule atume. Lakini wakishaona si mimi, watauliza swali la pili: basi ni nani huyo mwenye mkono wako? Stesheni ya reli bado wapo wazee wanaomkumbuka kijana mwenye kidole nusu. Akituma nimeangamia, asipotuma nimeangamia. Na mama pamoja nami, na kwenye karatasi Ovez ataacha kuwa mtu aliyepotea, atakuwa mtu aliyetoroka.

Mama ameniuliza kwa nini sili. Nimesema jino.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sputnik imenyamaza, betri zimekwisha. Nilidhani na watu wa ridhaa watanyamaza, lakini hapana, wanazungumza zaidi, wanasimuliana kama waliotoka msibani. Yeye pia.

Jambo moja nimeligundua. Anaongea na Waitaliano, na Waswidi, na watu wa Ceylon. Stesheni ya upande wetu hajawahi kuiita hata moja, wala kuijibu. Anaogopa kama mimi.

Jumapili, 3 Novemba

Sputnik ya pili, na ndani yumo mbwa. Mama amelia. Hakuuliza mbwa anakula nini wala anaona nini huko. Ameuliza nani atamfungulia mlango.

Alhamisi, 7 Novemba

Sikukuu. Gwaride, bendera. Sarkis Avetovich amepita na nishani zake, akanipungia mkono, nami nikajifanya sioni.

Jumatatu, 11 Novemba

Sputnik ya pili nayo kimya. Mama hajauliza habari za mbwa. Nadhani anajua.

Jumamosi, 16 Novemba

Amekuja.

Anaitwa ndugu Tarasenko. Hakusema anatoka ofisi gani na hakuna aliyemuuliza. Ana koti la kijivu na mafua, analo begi lenye ukanda, nami niliiona namba yake kabla hajaufungua. Alizungumza nami dakika chache tu, kwa upole, huku akipenga kamasi. Alitaka kujua nimezaliwa wapi, naishi na nani, nina ndugu wangapi. Nikamwambia kaka mmoja, hakurudi vitani. Aliandika bila kuinua macho. Akasema atarudi mwisho wa mwezi na mwenzake mwenye vipimo, na nisitoke mjini.

Usiku nilisukuma komeo. Lilikuwa na kutu, likalia. Mama aliamka, akalivuta, akasimama gizani ananitazama.

"Umechoka kuishi?"

"Kuna wezi, mama."

"Mwizi ataingia na atatoka. Nyumba ikianguka hatutoki. Lala."

Nimelala na mlango wazi. Kila kilichopita njiani nilikihesabu kuwa miguu yao.

Jumapili, 17 Novemba

Nimegonga kwa mkono wa kushoto, kwenye meza ya kukatia tambi, nione kama naweza kutuma hivyo. Unachechemea vilevile. Kumbe hauko mkononi.

Jumatano, 20 Novemba

Baridi. Upepo umeangusha antena moja. Tumeipandisha tena, sisi wawili, bila kusemezana.

Jumamosi, 23 Novemba

Wasichana wamerudi kutoka kuchuma pamba. Vidole vimepasuka na kuchubuka, mwaka huu waliwaweka mpaka baridi ilipoingia. Gulalek, ambaye ndiye mdogo kuliko wote na ndiye mwenye mdomo, ameniambia nimekonda, eti Sputnik imenila. Nikacheka. Kucheka kumenishtua mwenyewe.

Jumatano, 27 Novemba

Kesho ndiyo kesho, Tarasenko anarudi. Sarkis Avetovich alinifuata kwenye ngazi, akasema huku anatazama pembeni: "Usijaribu kuunyoosha. Mkono unaolazimishwa kunyooka unasikika zaidi. Tuma kama unavyotuma." Nikamuuliza amefaidi nini kwa kuupeleka ule ukanda. Alitengeneza kofia akashuka.

Nimemwambia mama kwamba kesho huenda nikachelewa. Nimemwachia kuni za siku tatu.

Alhamisi, 28 Novemba

Nipo nyumbani. Nimeandika hilo kwanza, na sasa nitaandika yaliyobaki.

Walikuwa wawili, Tarasenko na kijana mwenye mashine ya kuchora mlio kwenye karatasi. Wakanikalisha kwenye kitufe cha mazoezi. Redio kubwa nyuma yangu iliachwa wazi kwenye masafa ya ridhaa, kwa makusudi, nami nilijua wanangoja nini. Nilikuwa nasema moyoni, tuma, kisha nasema, usitume, kisha sikujua tena nasema lipi. Hakutuma. Kulikuwa na Mjerumani mmoja tu anaita na kuita.

Tarasenko alinipa gazeti akaniwekea kidole kwenye habari ya mavuno ya pamba. Nikatuma. Nilituma kama ninavyotuma. Kisha akacheza ukanda, kisha akanitumisha tena, kisha akacheza ukanda. Yule kijana aliweka karatasi mbili pamoja akazisogeza dirishani kwenye mwanga. Hata asiyejua redio angeona.

"Huyu ni wewe?" Tarasenko akauliza.

"Si mimi, ndugu."

"Basi ni nani?"

"Sijui."

Alitoa kalamu. Alikuwa bado mpole, na upole huo ndio uliokuwa ukinimaliza. Nilimfikiria mama akisukuma mlango kwa kidole.

Ndipo Sarkis Avetovich akakohoa. Akasema kwa ruhusa ya ndugu Tarasenko, kabla hajaandika, amsikilize na mtu mwingine. Akafungua mlango wa ukumbi. Pale nje wasichana wangu walikuwa wamejipanga kwenye benchi, wote kumi na mmoja, na makoti yao. Alimwita Gulalek. Gulalek akakaa, akapuliza vidole vyake vyenye plasta, akatuma habari ileile ya pamba.

Mstari wa mwisho ukaburutwa. Nukta ikaja mbio.

Tarasenko akasema mwingine. Akaja wa pili. Akasema mwingine. Yule kijana alikuwa anachora na kuchora, karatasi zinashuka hadi miguuni. Walipofika wa tano Tarasenko alivua vipokea sauti akapenga kamasi kwa nguvu.

"Ni nini hiki? Mji mzima una mkono mmoja?"

"Si mji," Sarkis Avetovich akasema. "Ni mwalimu mmoja mbaya. Nilimkabidhi watoto wa watu miaka miwili, mimi nikakaa nanywa chai, na hiyo ndiyo faida yake. Hakuna hata mmoja anayetuma sawasawa. Nimeona aibu kukuandikia, ndiyo maana nimekuonyesha." Akanigeukia, akanisema mbele ya wasichana kwa maneno ambayo sijawahi kuambiwa na mtu. Mzembe, mvivu, mharibifu wa vijana. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Gulalek alianza kulia.

Mimi sijawahi kuwafikiria. Mwezi mzima nimehesabu mikono miwili tu duniani, wake na wangu, wakati mwenyewe ndiye niliyewafundisha hawa kwa kuwagongea sinia.

Tarasenko aliniuliza swali nililokuwa naliota: na wewe uliutoa wapi?

Nikasema stesheni ya reli. Kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa nakwenda kuwasikiliza watuma simu, na kitufe chao kilikuwa kikuukuu, springi imelegea, lazima ukiburute. Yote ni kweli ila kilichoachwa.

"Reli," akasema. Akatembea hadi dirishani, akatazama milima. "Reli. Wakati wa vita watu wetu wa reli walikuwa kule ng'ambo. Hadi mwaka arobaini na sita walikuwa kule. Si ndio waliowafundisha wenyeji?" Aligeuka, na uso ulikuwa umemchangamka kama mtu aliyepata funguo zake. "Kumbe huyu Ali ni mwanafunzi wetu."

Hakuna aliyempinga. Nimepewa karipio la maandishi. Amri nyingine ni kwamba hadi mwaka mpya wasichana wote, nami mwenyewe, tuwe tumenyooshwa. Mtuma simu wa nchi hii anatuma sawasawa, alisema, na akaondoka na mafua yake.

Jumapili, 1 Desemba

Nililala siku mbili. Leo nimekwenda kwa Sarkis Avetovich, nikamkuta anachomelea waya. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumwambia kila kitu, nilikuwa nimechoka kukibeba peke yangu. Nikasema, "Yule mtu..." Akainua chuma cha kuchomelea, kinatoka moshi.

"Usiniambie. Nisichokijua hakiwezi kunitoka."

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kama ukanda wa Jumatatu usingefika Moscow wangekuja siku ileile, maana namba zingeruka. Alihitaji wiki sita. Alihitaji wasichana warudi kutoka kwenye pamba.

Nilikuwa namchukia mtu huyu kila siku, kwa bidii. Nimempikia chai, akasema imekolea mno.

Ijumaa, 13 Desemba

Tunanyoosha. Kila jioni saa mbili, sote kumi na wawili, kwa mlio wa saa ya ukutani. Ukiburuta unarudia. Nakaa nyuma yao na rula, nasikia mkono wa Ovez ukikatika kidogo kidogo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ni mimi ninayemuua, kwa rula, na nikiacha watamuua wao.

Jumatano, 25 Desemba

Mimi nimenyooka. Nimetuma ukurasa mzima na Sarkis Avetovich hakupata kosa.

Jumanne, 31 Desemba

Theluji. Wote wamenyooka isipokuwa Gulalek, ambaye akiwa na hofu husahau. Nimeandika kwenye taarifa: wote.

Jumapili, 5 Januari 1958

Inasemekana Sputnik ya kwanza imeshuka na kuungua jana. Nimeuliza imeangukia wapi, hakuna ajuaye. Naogopa bado, lakini hofu imekuwa mtu wa nyumbani, naiamkia asubuhi tunakunywa chai pamoja.

Jumapili, 12 Januari

Hii ni ya mwisho. Jiko limewaka na daftari litaingia nikimaliza.

Leo klabu iliruhusiwa kuita hewani. Tunaruhusiwa kuwaambia wageni mambo manne: tunavyowasikia, jina, mji, hali ya hewa. Zaidi ya hapo hapana. Alikaa Gulalek, ilikuwa mara yake ya kwanza kuita dunia nzima, na mikono ilikuwa imelowa jasho. Aliita. Alichechemea tangu herufi ya kwanza. Niliinuka na rula, na kabla sijamfikia, akajibiwa.

Zile herufi za Iran. Yule asiyejibu upande wetu.

Alianza vizuri. Unasikika hivi, jina Ali, mji Mashhad, theluji. Gulalek akamjibu, mistari ikiburutwa, jina lake, Ashgabat, theluji na kwetu pia. Kisha kimya. Kimya kirefu hadi Gulalek akadhani amempoteza, akaanza kuzungusha kitasa cha masafa. Nikamshika mkono.

Alirudi. Alituma polepole kuliko mwanzo. Gulalek aliandika, akanigeukia.

"Dada Nabat, anauliza tuko wangapi klabuni. Haimo kwenye yale manne."

Sarkis Avetovich alikuwa kwenye mashine ya kunasia. Alitazama ukanda, umo mzima, haujaanza hata kuzunguka. Akasema mashine ina hitilafu leo, anakwenda kuitazama antena. Akavuta mlango nyuma yake.

Nilikuwa naogopa kuliko siku ya Tarasenko. Siku ile wangenichukua kwa kitu ambacho sikukifanya.

"Mwambie kumi na mmoja," nikasema. "Na mwalimu wao."

Akatuma. Kimya tena. Kisha akatuma salamu za kwaheri, zile za kila mtu, nzuri, za kawaida. Na baada ya salamu, mahali ambapo watu wa redio huweka nukta mbili za kuagana, yeye aliweka moja, kimya, mbili, kimya, moja.

"Huyu mgeni hajui hata kumaliza," Gulalek akasema, akicheka, na kujifuta jasho kwenye sketi.

Nilitembea hadi nyumbani kwenye theluji. Mama alikuwa anakata tambi, amenipa mgongo, mikono nyeupe kwa unga. Birika lilikuwa kwenye zulia. Sikuwa nimepanga. Nilikaa, nikagonga kifuniko kwa kidole: moja, kimya, mbili, kimya, moja.

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mama akasema, akaendelea kukata.

Kisha kisu kikasimama.

Aligeuka polepole. Aliniambia nisichezee kitu kile, si mchezo. Nikamwambia sichezi.

"Nimekisikia leo, mama. Klabuni. Kimetoka mbali, lakini kimesikika vizuri."

Hakuniuliza ni mbali gani. Alijifuta unga, akanipita, akaenda mlangoni. Aliurudisha, akashika komeo. Liligoma kwa kutu, akalipiga kwa kiganja, akalipiga tena, mpaka likaingia lote. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Akauma ncha ya mtandio wake, akaikaza kwa meno, na hapo ndipo akaanza kulia.